Kurekodi gitaa la besi nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia kwenye nyuzi hadi kwenye miksi

Kati ya vyombo vyote vya bendi, besi ndiyo inayokubali kwa wepesi zaidi kurekodiwa nyumbani. Dramu zinadai chumba kizuri na maikrofoni kadhaa. Mwimbaji anadai ukimya. Besi inadai waya mmoja tu, na usidhani waya huo ni njia ya wasio na uwezo wa kwenda studio. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown mjini Detroit miaka ya 1960, alikuwa akirekodiwa gitaa lake la Fender Precision likiwa limeunganishwa moja kwa moja na mitambo ya studio, bila amplifaya, na sauti yake inatafutwa na wapiga besi hadi leo.

Kinachokosekana nyumbani ni kuisikia besi jinsi ilivyo. Uzi wa E ukipigwa wazi hutoa mitetemo kama 41 kwa sekunde, yaani Hz 41, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba cha kawaida ni kifupi kuliko wimbi lenyewe. Sauti inagonga ukuta, inarudi na kukutana na ile inayokuja. Sehemu moja ya chumba inajazana, sehemu nyingine inafutika. Unakaa mbele ya spika, huisikii besi, unaiongeza, kumbe ipo tele. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakawia zaidi pawili: kwenye mkono wa mpigaji na kwenye namna ya kusikiliza. Mambo ya kompyuta yaliyo katikati ni madogo kuliko yanavyosemwa.

Hatua ya 1: Liandae gitaa

Anza na nyuzi, maana ndizo zinazoamua rangi ya sauti kabla ya kitu kingine chochote. Zipo nyuzi zenye mikunjo ya duara, zile ambazo ukipitisha kucha zinakwaruza. Zikiwa mpya hung'aa sana, na mng'ao huo hupungua kadiri jasho na uchafu vinavyoingia kwenye mikunjo. Zipo pia nyuzi bapa, laini kwa kidole, zenye sauti ya mviringo isiyo na makelele ya vidole. Jamerson alitumia hizo. Ukitaka besi inayokata katikati ya magitaa mengi, funga nyuzi mpya za duara. Ukitaka besi inayokaa chini na kuubeba wimbo bila kujionyesha, funga bapa, na usiwe na haraka ya kuzibadilisha. Nyuzi mpya zifunge siku moja kabla ya kurekodi, uzivutevute na kuzityuni tena na tena, zisije zikateleza katikati ya wimbo.

Kisha pima usahihi wa shingo. Piga hamoniki juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi kidogo hapo bila kuubonyeza huku ukiupiga, halafu bonyeza freti hiyo hiyo upige nota ya kawaida. Zikilingana kwenye tyuna, vizuri. Nota iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, rudisha kiti cha uzi nyuma kwenye daraja ili uzi uwe mrefu kidogo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa kila uzi. Besi iliyopotoka kidogo kwenye freti za juu hufanya kinanda na sauti za waimbaji zionekane ndizo mbovu, na watu hutafuta kosa mahali siko. Tyuni upya kabla ya kila mara unayorekodi, kwa nguvu ile ile utakayopigia, kwa sababu uzi ukipigwa kwa nguvu huanza juu kidogo ya nota yake kabla ya kutulia.

Uzi wa E ukiwa na sauti kubwa kuliko wa G, shusha pikapu (kile kipande chenye sumaku kinachonasa mitetemo ya nyuzi) upande wa E kwa bisibisi. Usiipandishe pikapu hadi karibu sana na nyuzi, kwani sumaku yake huvuta uzi na nota hufa mapema. Besi yenye betri ya volti 9, iwekee betri mpya. Kama pikapu zako ni za koili moja na zinanguruma, sogea mbali na kompyuta, kisha geuka polepole na gitaa mwilini mpaka upate upande ambao mngurumo unapungua. Kwenye besi yenye pikapu mbili za aina hiyo, mara nyingi kufungua volyumu zote mbili sawasawa hufuta mngurumo.

Hatua ya 2: Waya na kadi ya sauti

Kadi ya sauti ni kifaa kinachounganisha gitaa na kompyuta, na nyingi zina tundu au swichi iliyoandikwa INST au Hi-Z. Tumia hiyo. Ina ukinzani mkubwa, kama megaomu 1, na pikapu isiyo na betri inauhitaji. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida la laini, ambalo mara nyingi huwa na kiasi cha kiloomu 10, pikapu inalemewa na sauti za juu zinamezwa. Besi inatoka imefunikwa, na hakuna ikwalaiza (kifaa cha kuongeza au kupunguza masafa) itakayorudisha kilichokosekana. Kama kadi yako haina tundu hilo, tafuta DI boksi, kisanduku kidogo kinachoiandaa sauti ya gitaa ili iingie vizuri kwenye mitambo. Waya nao uwe mfupi kadiri inavyowezekana, kwa sababu waya mrefu nao hupunguza ung'avu.

Weka programu yako kwenye biti 24 na kHz 48. Halafu piga sehemu yenye nguvu kuliko zote katika wimbo, kwa nguvu ya kweli, na urekebishe geni (kifundo cha ukubwa wa sauti inayoingia) mpaka vilele viishie karibu desibeli -10 kwenye mita ya programu. Wastani utaangukia kama -18, na hapo ni pazuri. Hakuna faida ya kusukuma hadi karibu na sifuri: biti 24 zina nafasi ya kutosha, na sauti ikipasuka wakati wa kuingia haitengenezeki tena. Mpigaji anayechapa nyuzi kwa dole gumba aache nafasi zaidi, maana vilele vyake huruka ghafla.

Ukisikia nota zako zikichelewa kwenye hedifoni, punguza bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kwanza kabla ya kukishughulikia. Bafa ya sampuli 128 kwa kHz 48 ni milisekunde 2.7, na hata ukiongeza muda wa kadi yenyewe bado utapiga bila kusumbuka. Kompyuta ikishindwa, tumia swichi ya kusikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kadi.

Rekodi sauti kavu. Ikiwa plagini ya amplifaya (programu ndogo inayoiga amplifaya) inakupa moyo wa kupiga, iweke kwenye traki uisikie, ila kinachohifadhiwa kiwe ile sauti safi iliyotoka kwenye waya. Uamuzi wa amplifaya unaweza kuubadilisha wiki ijayo.

Hatua ya 3: Mkono

Hapa ndipo sauti inapopatikana, na hapa ndipo wengi wanapopita mbio wakikimbilia plagini.

Angalia kwanza mahali unapopigia. Ukipiga karibu na mwisho wa shingo, sauti inakuwa nene na ya mviringo. Ukisogea kuelekea daraja, inabana, inapata meno, na nota zinatengana vizuri. Sentimita 5 za kusogeza mkono hubadilisha sauti kuliko vifundo vingi vya ikwalaiza. Fanya jaribio hili: rekodi kipande kile kile mara tatu, karibu na shingo, katikati, na karibu na daraja. Usisikilize vipande hivyo vikiwa peke yake. Sikiliza kila kimoja pamoja na dramu na sauti ya mwimbaji. Mara nyingi kile kilichokupendeza kikiwa peke yake kitazama, na kile ulichokiona kikavu kitakaa mahali pake.

Nguvu ya kidole ni suala la pili. Ukipiga kwa nguvu sana uzi hugonga freti, mwanzo wa nota unakuwa mkali na mwili wake unakonda. Ukilegeza kidogo na kuongeza geni, nota inakuwa pana na inadumu. Kuna nyimbo zinazotaka ile sauti ya kugonga, na hapo igonge kwa moyo wote. Lakini iwe umechagua. Usawa una uzito kuliko nguvu. Wapigaji wengi wana kidole kimoja kinachopiga kwa sauti kubwa kuliko kingine, na hawajui mpaka waone mawimbi yao kwenye skrini: kubwa, dogo, kubwa, dogo. Jamerson alicharaza kwa kidole cha shahada peke yake. Huna haja ya kumuiga, ila kama vidole vyako viwili havilingani, jaribu sehemu rahisi za wimbo kwa kimoja usikie tofauti.

Piki nayo isidharauliwe. Carol Kaye, aliyerekodi besi katika studio za Los Angeles kuanzia miaka ya 1960, alitumia piki huku akiwa ameweka kipande cha kitambaa kizito juu ya nyuzi ili kufupisha nota. Kipande cha sponji kilichobanwa chini ya nyuzi karibu na daraja hufanya kazi hiyo hiyo. Nota inasikika ghafla, inatua, inaondoka. Kwa besi iliyozidi kuvuma ndani ya wimbo, hii ndiyo dawa ninayoijaribu kabla ya kugusa kompyuta.

Chagua pia pa kuipigia nota kwenye shingo. A ya uzi wazi na A ya freti ya 5 kwenye uzi wa E ni nota moja, lakini ya kwanza inang'aa na ya pili ni nzito. Ukizichanganya ovyo ndani ya kipande kimoja, msikilizaji atahisi besi inabadilika bila sababu. Amua mapema utapiga wapi, ushike hapo.

Halafu kuna mwisho wa nota. Wanaoanza huangalia nota inaanza lini. Mpigaji aliyekomaa anajua pia inaisha lini. Katika rege na fanki, ukimya baada ya nota ndio unaofanya watu watikise mabega. Jaribu kumaliza nota pale sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) inapopiga, kisha jaribu kuiacha ipite juu ya sneya, uone wimbo unavyobadilika mwendo ingawa hujabadilisha nota hata moja. Na nyuzi usizozipiga zinyamazishe: vidole vya mkono wa shingo vizilalie kidogo, dole gumba la mkono mwingine liegemee uzi wa E unapopiga A au D. Uzi unaovuma chini chini hausikiki ukiwa peke yako, lakini kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, itauinua baadaye.

Ukirekodi, sikiliza dramu kwa sauti kubwa kuliko kitu kingine. Metronomu peke yake haitoshi. Kiki, ile dramu kubwa ya mguu, ndiyo mwenzako. Piga wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, kisha chagua vipande bora. Sipendi mtindo wa kupiga kipande kifupi na kukirudufu wimbo mzima, kwa sababu mpigaji mzuri hupanda kidogo kwenye kiitikio bila kujijua, na mpando huo ni sehemu ya wimbo. Ukilazimika kusogeza nota iliyochelewa, sikiliza badala ya kutazama. Wimbi la besi hupanda polepole, na sehemu inayoonekana kubwa kwenye skrini si lazima iwe ndiyo sikio linaloihesabu kuwa mwanzo.

Hatua ya 4: Amplifaya, ya kweli au ya plagini

Sauti kavu yaweza kutosha. Ikihitaji mwili, plagini zipo nyingi, na Neural Amp Modeler haina malipo. Nyingi huiga amplifaya za Ampeg, hasa SVT ya mwaka 1969, yenye wati 300 na kabati la spika nane za inchi 10. Unapochagua, badilisha kabati kabla ya kuhangaika na vifundo vya kichwa cha amplifaya. Kabati ndilo linalokata sauti za juu na kuipa besi umbo.

Mwenye amplifaya ya kweli na majirani wavumilivu arekodi vyote viwili, waya na maikrofoni. Hapo kuna mtego. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, hivyo maikrofoni iliyo sentimita 30 mbele ya spika inachelewa kwa karibu milisekunde 0.9 nyuma ya waya, kama sampuli 42 kwa kHz 48. Traki hizo mbili zikichanganywa hivyo hivyo, baadhi ya masafa yanafutana na besi inakuwa nyembamba. Kuza mawimbi kwenye skrini, isogeze traki ya maikrofoni kushoto, yaani ianze mapema zaidi, mpaka mianzo ilingane, kisha geuza polariti ya moja (pindua wimbi lake juu chini) na uache upande wenye uzito zaidi.

Mbinu moja inastahili kujaribiwa na kila mtu: rudufu traki kavu. Ya kwanza ichuje ibaki chini ya Hz 200, iwe safi na tulivu. Ya pili ichuje ibaki juu ya hapo, na uikwaruze kwa distoshoni upendavyo. Ule mkwaruzo unaipa besi uso, na chini kunabaki imara. Jaribu polariti hapa pia, kwa sababu vichujio navyo hupindisha wimbi.

Hatua ya 5: Kujua unachokisikia

Kabla ya kumiksi, kijue chumba chako. Piga kila nota kutoka E wazi hadi freti ya 12 kwa nguvu sawa, irekodi, uisikilize kwenye spika ukiwa kwenye kiti chako. Baadhi ya nota zitavimba, nyingine zitatoweka. Sasa sikiliza rekodi hiyo hiyo kwenye hedifoni. Nota iliyovimba kwenye spika ikawa ya kawaida kwenye hedifoni, kosa ni la chumba. Iandike uiache, wala usiikate kwa ikwalaiza. Ikivimba kote kuwili, hapo kosa ni la gitaa au la mkono.

Hesabu zinaeleza kwa nini. Chumba chenye urefu wa mita 3.4 hulimbikiza sauti karibu na Hz 50, na G ya freti ya 3 kwenye uzi wa E ni Hz 49. Ukikaa karibu na ukuta, G hiyo itakupiga kifuani. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, itapotea. Ndiyo maana hapakaliwi katikati wala ukutani. Anza na kiti kilicho kama asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, halafu kisogeze kidogo kidogo huku nota zile zikijirudia, mpaka zilingane kadiri inavyowezekana. Spika zisiwe kwenye kona. Povu jembamba la ukutani halisaidii kitu kwa besi. Kinachosaidia ni vitu vinene, godoro au matofali ya pamba nene yaliyojaza kona.

Kwa maamuzi ya chini ya Hz 100, nyumbani naziamini hedifoni kuliko spika, kwa sababu hazina chumba. Lakini nyingi huongeza besi kwa makusudi, hivyo zizoee kwa kusikiliza nyimbo unazozijua. Weka wimbo mmoja wa mfano ndani ya mradi wako, ushushe mpaka ulingane kwa ukubwa na miksi yako, ukilinganisha mara kwa mara. Shika pia kiwango kimoja cha sauti. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huzikosa sauti za chini pale ukubwa unapopungua. Anayemiksi usiku kwa sauti ndogo ataongeza besi kupita kiasi.

Mwisho wa kusikiliza ni simu. Spika yake haiwezi kutoa Hz 41 hata kidogo. Hata hivyo mtu husikia nota ya E, kwa sababu hamoniki zake (sauti za juu zinazoambatana na nota) za Hz 82, 123, 164 na kuendelea zikifika, ubongo huijenga ile ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo besi ikipotea kwenye simu, kuongeza Hz 50 hakutasaidia lolote. Inahitaji hamoniki: mkwaruzo kidogo, au mkono usogee kuelekea daraja.

Hatua ya 6: Ikwalaiza na kompresa

Kama hatua zilizotangulia zimefanyika, kazi hapa ni fupi. Kata kilicho chini ya Hz 30 hadi 35, maana huko kuna mitikisiko ya mkono tu. Besi ya nyuzi tano isikatwe hivyo, kwa kuwa B yake ni kama Hz 31.

Kisha amua nani anakaa chini, kiki au besi. Kiki ikiwa na uzito wake kwenye Hz 60, ipunguze besi hapo kidogo na uipe nafasi kwenye 80 hadi 100. Au kinyume chake. Wote wawili wakigombea sehemu moja, hakuna atakayesikika. Wimbo ukiwa na ukungu, punguza desibeli 2 au 3 kati ya Hz 200 na 300. Nota zisiposomeka, ongeza kati ya Hz 700 na 1,000. Hapo ndipo besi inapotamka. Kugusa uzi kwa kidole kunasikika karibu na kHz 2 hadi 3. Yafanye haya yote vyombo vingine vikiwa vinapiga.

Kabla ya kompresa, zishushe kwa mkono nota chache zilizoruka. Ni kazi ya dakika chache, na kompresa italainika sana. Anza na resho (kiwango cha kukaba) ya 4 kwa 1, ataki (muda kabla ya kuanza kukaba) ya milisekunde 20 hadi 40 ili mwanzo wa nota upite, rilizi (muda wa kuachia) ya milisekunde 100 hadi 200, na mshusho wa desibeli 4 hadi 6. Jihadhari na rilizi fupi mno: duara moja la wimbi la E huchukua milisekunde 24, na kompresa ikiwa na kasi kuliko hiyo itaanza kulifuata wimbi lenyewe, na sauti itakwaruza. Besi isiyotulia bado, tumia kompresa mbili zinazofuatana, kila moja ikishusha desibeli 3, badala ya moja inayokaba.

Kiki ikiendelea kuzama, weka kwenye besi kompresa nyingine inayosikiliza kiki, iishushe besi desibeli 2 tu kila kiki inapopiga. Sauti za chini zikae katikati, bila kutanuliwa kulia na kushoto. Efekti za korasi (chorus) na mwangwi ziguse ile traki ya juu ya Hz 200 pekee, ya Hatua ya 4.

Kupanga ukubwa wake kwenye miksi, zima besi kabisa, usikilize wimbo kwa muda, kisha ipandishe polepole huku umefumba macho. Simama pale kiitikio kinapopata miguu. Linganisha na wimbo wa mfano kwenye hedifoni, kisha kwenye simu, kisha kwenye gari ukipata. Ukirudi na masahihisho, andika ni nota gani na kwenye kifaa gani, kabla hujashika kifundo chochote. Na unapofunga mradi, hifadhi traki kavu kama faili lake peke yake, likianzia sekunde ya kwanza ya wimbo, ili siku yoyote yeyote atakayelifungua aliweke mahali pake bila kutafuta.